Ziwa Tanganyika: juu samaki, chini hakuna pumzi

Samaki saba walikufa ndani ya ndoo usiku wetu wa pili Kigoma, na mwanangu akanilaumu mimi.

Alikuwa amewakamata mwenyewe kwa kopo, kwenye mawe ya ufukweni, si mbali na nyumbani kwa bibi yake. Wadogo, kila mmoja kama kidole gumba, mmoja ana mistari myeupe ubavuni. Aliwatia kwenye ndoo ya lita kumi, akawamegea ugali uliobaki jioni, nami nikamwambia afunike ili paka asiwafikie. Akafunika kwa mfuniko wa plastiki, akaubana vizuri. Asubuhi wote walikuwa wamelala ubavu juu ya maji.

“Mama, wewe ndiye ulisema nifunike.”

Ni kweli nilisema. Na mimi ni mwalimu wa baiolojia.

Mzazi mwenzangu, kama umewahi kuulizwa na mtoto jambo unalolifundisha darasani kila mwaka ukakosa pa kuanzia, utanielewa. Tulikaa kwenye ngazi, ndoo katikati yetu. Maji yalikuwa masafi, yametoka ziwani. Nafasi ilikuwapo. Chakula kilikuwapo, tena kingi mno. Kilichokosekana hakionekani kwa macho.

Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na majini iko kidogo sana. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyomo kwenye lita moja ya maji vuguvugu ya ziwa. Kwa hiyo samaki anaishi kwa bajeti ya kubana. Ndoo ikikaa wazi na upepo ukigusa uso wa maji, oksijeni mpya huingia taratibu. Ukifunika umefunga mlango. Na ule ugali ulikuwa na makosa yake: ulipoanza kuoza bakteria waliuvamia, na bakteria hao nao wanapumua. Ni wengi kuliko samaki saba, na usiku ule hawakulala.

“Kwa hiyo ugali ndio uliwaua?”

“Ugali na mfuniko.”

“Mfuniko wako,” akasema, akaenda kuwazika chini ya mwembe.

Tulikuwa tumefika kwa treni, likizo ya Desemba, tukiwa tumelala njiani usiku mbili kutoka Dar es Salaam. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914 na stesheni ya enzi za Wajerumani bado imesimama, inatazama ziwa. Ukisafiri na watoto, beba maji, beba chakula cha ziada, na usiahidi saa ya kufika. Pale Tabora nilimnunulia mwanangu soda ya baridi. Akaisahau dirishani, jua likaipiga nusu siku, na alipoifungua yote ikamrukia shati. Nilimkasirikia. Sikujua kwamba soda ile ingenisaidia baadaye.

Kwanza ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, karibu sawa na barabara ya Dar es Salaam hadi Singida. Linagusa nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kina chake kinafika mita 1,470. Chukua viwanja 14 vya mpira, visimamishe wima kimoja juu ya kingine, ndipo utagusa chini. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kina.

Wageni hupelekwa Ujiji kuona mahali Livingstone na Stanley walipokutana, na huonyeshwa Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 na Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924. Watoto huipenda sana hadithi ya meli. Lakini sijawahi kuona bango lolote mjini linalomwambia mtoto kwamba ziwa analolitazama limekufa kuanzia kiunoni kwenda chini.

Limekufa ni neno kali, nalirekebisha: chini huko hakuna samaki, kaa wala konokono. Upande wa Kigoma oksijeni inaishia kwenye kina cha kama mita 100. Upande wa kusini, kuelekea Zambia, inaweza kufika karibu mita 200. Baada ya hapo ni zaidi ya kilomita moja ya maji yasiyo na pumzi kabisa, yenye gesi ile inayonuka kama yai viza. Wanaoishi humo ni bakteria wasiohitaji oksijeni, na wengine oksijeni kwao ni sumu.

Sababu ni ile ile ya ndoo. Jua la kwetu linapasha maji ya juu, yanakuwa mepesi, yanaelea. Juu ni kama nyuzi 27, chini kabisa ni nyuzi 23 na kidogo. Unaweza kusema hiyo si tofauti, lakini kwa maji yenye uvuguvugu inatosha kuyatenga kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi. Nchi za baridi zina majira ambapo maji ya juu hupoa, yakazama, ziwa likajikoroga. Sisi hatuna majira hayo. Maji vuguvugu ya juu ndiyo mfuniko. Na kila kiumbe kinachokufa juu hushuka taratibu kama ule ugali, bakteria wa chini wakamaliza oksijeni yote kwa kukiozesha. Hali hii haikuanza jana. Ziwa lenyewe lina umri wa miaka milioni kadhaa.

Ajabu ni kwamba kaburi hilo ndilo ghala. Rutuba yote inayozama imehifadhiwa kule chini. Kuanzia Mei hadi Septemba, kusi linapovuma, linasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapata nafasi ya kupanda na rutuba yake. Ziwa zima huyumba polepole kama maji kwenye beseni linalobebwa. Vimelea vya kijani vinaota, vijidudu vinavila, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa, na sisi tunamla mgebuka kwa ugali wa muhogo. Kwa hiyo bila upepo hakuna chakula mezani kwa mama yangu. Hayo wavuvi waliyajua kabla ya sisi wenye vyeti.

Kaka yangu ana kipe, mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, na wavu katikati. Huondoka mwaloni jioni, usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi huwatawanya dagaa. Zamani waliwasha karabai, siku hizi ni taa za sola. Ukisimama kwenye kilima cha nyumbani saa tatu usiku utadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Mwanangu aliziona taa zile usiku wa kwanza, na tangu hapo akawa na wimbo mmoja: anataka kwenda na mjomba.

Nilikataa. Mjomba akaniuliza kwa nini, kwa kuwa yeye alianza kwenda na baba akiwa mdogo kuliko huyu. Nikasema Desemba ni mwezi wa dhoruba, jambo ambalo ni kweli. Sababu ya pili sikuisema mbele ya mtoto.

Mwanangu alizaliwa kimya.

Wanawake wenzangu mliopitia hili mnajua jinsi chumba kinavyogeuka. Mkunga alimkausha kwa khanga, akamsugua mgongo. Kimya. Alikuwa na rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu. Mkunga hakupiga kelele. Alimlaza, akanyoosha shingo yake kidogo, akamfunika pua na mdomo kwa kile kifaa chenye mfuko wa kubonyeza, akaanza kumpulizia. Niliona kifua kikiinuka kama cha kifaranga. Nilikuwa natazama saa ya ukutani kwa sababu sikuweza kutazama kitu kingine.

Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauweki akiba. Misuli inaweza kukopa ikalipa baadaye, ndiyo maana mtu hukimbia kisha akahema. Ubongo haukopi, na oksijeni ikikatika kabisa, baada ya dakika nne au tano seli zake huanza kufa na hazirudi. Ndiyo maana wakunga hufundishwa kuiita dakika ya kwanza dakika ya dhahabu. Mafunzo hayo yalijaribiwa hapa hapa Tanzania katika hospitali nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Kwa kifaa cha mkononi, kitambaa kikavu, na mtu aliyefundishwa kutosubiri.

Mwanangu alilia. Sasa ana miaka kumi, anasoma vizuri, anakula kama mchwa. Lakini mimi bado huamka usiku kusikiliza kama anapumua, na mume wangu ameacha kunicheka.

Naomba nipite hapa kidogo kwa sababu ya tukio la usiku wa nne. Mvua ya Kigoma haipigi hodi. Ilinyesha tangu alasiri, kukawa na ubaridi, na binti anayemsaidia mama akaingiza jiko la mkaa chumbani walikolala watoto, akafunga dirisha. Nia yake ilikuwa njema. Nililitoa nje wakati ule ule, na jirani aliyekuwapo akasema nimeleta mambo ya mjini. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo inakaa ndani ya damu mahali pa oksijeni na haikubali kuondoka haraka. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, basi. Moshi ungekuwapo watoto wangekohoa wakaamka. Mkaa ulioiva vizuri hauna moshi, na watu huona ndio salama.

Sasa turudi kwenye soda. Mwanangu aliposikia kwamba ziwa halina pumzi chini, aliuliza swali ambalo sikulitarajia: je, bahari nayo iko hivyo?

Bahari ya leo, kwa sehemu kubwa, haiko hivyo. Karibu na Antaktika na kule Greenland maji hupoa sana, yakawa mazito, yakazama hadi chini yakiwa yamebeba oksijeni, kisha yakatambaa polepole kwenye sakafu ya bahari zote. Ndiyo maana hata kwenye vilindi vya Bahari ya Hindi kuna viumbe. Lakini kuna nyakati bahari ilikuwa kama ziwa letu, tena mara nyingi.

Mwanzoni kabisa ilikuwa hivyo kote. Karibu nusu ya umri wa dunia bahari ilikuwa na chembe tu za uhai zisizohitaji oksijeni, na chuma kilikuwa kimeyeyuka majini kama chumvi. Kisha wakatokea bakteria wa kijani wanaotumia jua na kutoa oksijeni kama uchafu wao. Chuma kilipata kutu, kikashuka chini, kikawa matabaka ya mawe mekundu ambayo mpaka leo tunachimba na kuyayeyusha. Sufuria yako ya chuma huenda imetoka huko. Kama miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ikaanza kujaa hewani, na wale wa kale wasioipenda wakakimbilia kwenye tope na vilindi. Kwenye Ziwa Tanganyika wapo bado, mita mia moja chini ya kipe cha kaka yangu.

Balaa ninayoiwaza zaidi ilikuja miaka milioni 252 iliyopita. Volkano za Siberia zilimwaga lava kwa muda mrefu mno, gesi zake zikapasha dunia joto, na bahari ikapata moto. Hapa ndipo soda inaingia. Kinywaji cha baridi kinashikilia gesi yake, cha moto kinaitoa. Maji nayo hivyo hivyo: yakipata joto yanashindwa kubeba oksijeni. Wakati huo huo mwili wa kiumbe wa majini ukipata joto unahitaji oksijeni zaidi. Kipato kinashuka, matumizi yanapanda. Tena mfuniko wa maji vuguvugu unakuwa mnene na yale maji mazito ya baridi yanapunguza kuzama. Viumbe wengi wa baharini walitoweka, kwa makadirio mengi aina nane kati ya kila kumi au zaidi, pamoja na wale wadudu wa bahari wenye gamba la vipande, trilobiti, waliokuwa wameishi kwa miaka milioni 270 hivi.

“Wote walikufa kama kwenye ndoo?” mwanangu aliuliza.

“Si kwa usiku mmoja. Kwa maelfu ya miaka.”

Alama zake zimebaki kwenye mawe. Bahari ikikosa oksijeni, tope la chini halichimbwi na mnyoo wala kaa, kwa hiyo linabaki jeusi, limepangika kurasa kwa kurasa. Mengi ya mafuta tunayochoma kwenye magari yalianza kama tope la aina hiyo. Chini ya Ziwa Tanganyika kurasa hizo zinaandikwa hadi sasa, na wanasayansi huzichimba kwa mabomba marefu kusoma mvua na joto la miaka mingi iliyopita.

Wamesoma pia mambo ya karibu. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa limepata joto katika karne iliyopita na kwamba linakorogeka kidogo kuliko zamani. Mwaka 2016 wengine walikadiria kwamba, katika maeneo waliyoyachunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilipungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Sakafu hiyo ya pembezoni ndiyo wanakoishi konokono, kaa na wale samaki wa mawe kama saba wetu. Wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kuna akina mama wa jamii hiyo wanaobeba mayai mdomoni wiki kadhaa, wanayageuza-geuza ili kila yai lipate maji mapya. Kuhe, mkubwa wa ukoo wote, hutaga kwenye sakafu, na wazazi wote wawili hulinda watoto. Nilipomwambia mama yangu haya, alisema hataacha kula kuhe kwa sababu hiyo.

Kaka yangu ana maelezo yake. Anasema dagaa wamepungua kwa sababu wavuvi wameongezeka, na nyavu za siku hizi zina macho madogo. Hajakosea. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapumzike wazaliane. Alilalamika sana wakati wa kufungwa, maana ada ya shule haifungwi. Lakini kupumzisha samaki ni jambo ambalo serikali inaweza kulitangaza kwa barua. Joto la ziwa halisikilizi tangazo.

“Nyavu ukizishusha sana zinarudi tupu,” aliniambia. “Kama vile umetega hewani. Baba alitufundisha kina cha kuishia. Hakusema kwa nini.”

Siku ya mwisho nikakubali nusu. Si usiku, si kwenye kipe. Mchana, mtumbwi wa mashine, majaketi okozi kwa wote watatu, na mawingu yakionekana Kongo tunarudi. Mjomba alicheka kuhusu majaketi, kisha akaenda kuazima.

Tulitoka Katonga. Maji karibu na mwalo ni ya kijani, mbele kidogo yanakuwa bluu ya wino. Baada ya kama nusu saa kaka yangu alizima mashine na tukasikia maji yakigonga ubao.

“Hapa,” alisema, “unganisha kamba zangu zote, na za jirani, hazifiki chini.”

Mwanangu alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akakaa hivyo muda mrefu, halafu akauliza bila kunitazama kama kuna mtu anaweza kuishi bila pumzi. Sijui kwa nini nilimwambia pale, mbele ya mjomba wake, kitu ambacho nilikificha miaka kumi. Nilimwambia kuhusu khanga, mkunga na saa ya ukutani.

“Dakika ngapi?”

“Mbili, na sekunde kumi.”

Alifikiri. Kisha akabana pua kwa vidole viwili, akafumba mdomo, na kwa mkono mwingine akanionyesha nihesabu. Nilihesabu kwa sauti. Ilipofika thelathini macho yalianza kumtoka. Alifika arobaini na mbili, akaachia, akavuta hewa kwa kishindo hadi mtumbwi ukayumba, na mjomba wake akawasha mashine.